Harambee Haifanyi Utafiti
Mwaka huu nishachangia saratani kwa grupu tatu za WhatsApp: ya shangangu, ya jirani, ya kijana niliyesoma naye. Zote tatu ziliishia kuwa kamati za mazishi. Kuchanga tunajua. Lakini hakuna paybill itakayotuambia kwa nini Bomet saratani ya umio, ile inayoziba koo hadi chai haipiti, inawapata hata watu ambao hawajafika miaka 30. Hiyo ni kazi ya watafiti, na watafiti hawalipwi kwa harambee.

Sheria iko. Ile ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka hazina ya kitaifa ya utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Haijawahi kupewa.

Julai 2019, ndani ya mwezi mmoja, saratani ilituondolea Bob Collymore, Ken Okoth na Joyce Laboso, gavana wa hiyo hiyo Bomet. Wabunge wakataka itangazwe janga la kitaifa. Mazishi yakaisha, bajeti ikabaki ile ile.

Basi msituambie ni mapenzi ya Mungu. Mungu hapitishi bajeti. Wakija kuomba kura, swali ni moja: ile asilimia 2 iko wapi?