Kijana aliyeacha maabara hajapotea

Limezuka gumzo maofisini na mabarazani juu ya vijana waliosomea sayansi ambao wameziacha fani zao na kushika kazi ya kusanifu programu za simu, tovuti na huduma nyingine za kidijiti. Mkemia haonekani tena maabara. Mtaalamu wa viumbe vya baharini amekaa mbele ya kompyuta akipanga vibonyezo na maandishi. Wazee wanauliza, na baadhi ya viongozi wanauliza pamoja nao: je, fedha za umma zilizomsomesha kijana huyu zimekwenda na maji?

Swali hilo ni la haki. Tarehe 23 Septemba, 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo, na msomi wa Visiwa hivi amefika alipofika kwa jasho la mchuma karafuu na la mvuvi. Mwananchi huyo ana haki ya kumwuliza msomi anamfanyia nini. Hatukubaliani hata kidogo na wale wanaosema kwamba kazi ya mtu ni shauri lake mwenyewe na wengine wanyamaze. Lakini hatukubaliani pia na hukumu ya haraka kwamba kijana huyo ni hasara.

Hukumu hiyo inatokana na kudhani kwamba usanifu ni mapambo. Msanifu wa kweli haanzi na rangi. Huanza kwa kuwatazama watu wakifanya shughuli zao. Hubuni nadharia tete juu ya kinachowakwaza. Hutengeneza sampuli, akaijaribu kwa watu wachache, akaandika alichokiona na si alichotaka kukiona. Kisha huivunja na kuitengeneza upya. Aliyepita maabara anaitambua njia hiyo mara moja, kwani ndiyo aliyolelewa nayo. Hata mwalimu wa chuoni, ambaye hakuwahi kuliona darubini, alijua ni herufi zipi zinazowachanganya watoto kwa kuwa zimetofautiana nukta tu, naye akizirudia hizo zaidi kuliko nyingine.

Liko tukio moja ambalo tungependa viongozi wetu walizingatie. Tarehe 28 Machi, 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, vali moja ilikwama ikiwa wazi, na maji ya kupoza tanuri yakawa yanatoka. Katika chumba cha uendeshaji ilikuwapo taa ya kuonyesha hali ya vali ile. Taa ilizimika, na mafundi wakaamini kwamba vali imefungwa. Kumbe taa haikuwa ikieleza kwamba vali imefungwa. Ilieleza tu kwamba amri ya kuifunga imetolewa! Yalipita zaidi ya masaa mawili kabla ya kosa kutambuliwa, na sehemu ya tanuri ikayeyuka. Wakosoaji wa mwanzo waliwanyooshea kidole mafundi. Miongoni mwa wataalamu walioitwa kuchunguza kwa nini mafundi walikosea alikuwamo Donald Norman, mwanasaikolojia ambaye shahada yake ya kwanza, ya mwaka 1957, ilikuwa ya uhandisi umeme. Iliwadhihirikia kwamba mafundi walikuwa watu wazuri waliowekwa mbele ya mitambo iliyopangwa vibaya, kana kwamba mpangaji alikusudia wakosee. Norman hakurudi alikotoka. Mwaka 1988 alitoa kitabu juu ya usanifu wa vitu vya kila siku, na mwaka 1993 akajiunga na kampuni ya Apple kushughulikia namna kompyuta zinavyotumiwa na watu. Nani atathubutu kusema kwamba sayansi ilimpoteza?

Hapa kwetu hatuna tanuri za nyuklia, wala hatuzihitaji. Tunao mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye vijiji vya Paje na Jambiani, na kwa sehemu kubwa kimebebwa na akina mama. Tuseme panatakiwa programu ya simu ya kumwezesha mkulima huyo kuandika mavuno yake na kupata taarifa za joto la maji, ambalo limekuwa likiua mwani na kuwatia hasara. Msanifu asiyejua kitu atamtaka mama aandike mavuno kila siku. Hatajua kwamba shambani huendwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na kwamba wakati wa maji mafu hapana kazi kubwa ya kufanya humo. Hatajua kwamba simu imefungwa katika mfuko wa plastiki na kwamba vidole vina chumvi na mchanga. Aliyesomea bahari, akapima chumvi na joto kwa mikono yake, akasimama na akina mama wale magoti majini, anayajua hayo yote kabla hajashika kalamu. Elimu yake ya kwanza ndiyo mtaji wake. Tangu mwaka 1978 Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo hapa hapa kwetu, na si aibu kwake mtu aliyepitia katika taasisi kama hiyo akiishia kutengeneza chombo cha kumfikishia mkulima yale yaliyogunduliwa.

Tunawageukia sasa watendaji wa Serikali, kwani kwao ndiko penye uzito. Huduma nyingi zimehamishiwa katika mitandao, nasi tunaliunga mkono jambo hilo. Hata hivyo, mwananchi anaposhindwa kujaza fomu, mara nyingi huambiwa hajasoma. Pensheni jamii ilipoanza kutolewa mwezi wa Aprili 2016, iliwekwa kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70. Mfumo wowote unaomhusu mzee wa umri huo, wa Micheweni au wa Makunduchi, ukiwa na maandishi madogo na maneno ambayo hata karani huyafikiria mara mbili, basi kosa si la mzee. Ni taa ile ile ya Pennsylvania.

Pamoja na hayo, vijana nao wasikilize. Wapo wanaoikimbia sayansi kwa sababu ni ngumu tu, wakachukua mafunzo ya wiki chache, wakajipachika cheo cha usanifu na kuanza kuiga kurasa za nchi za mbali. Hao hatuwatetei. Skuli zetu za vijijini zinamhitaji mwalimu wa fizikia kuliko zinavyomhitaji mwigaji wa rangi. Na yule aliyehama kwa haki bado ana deni: asaa moja mbili kwa wiki katika maabara ya skuli ya mtaani kwake si nyingi. Vile vile Wizara zijiulize kama kijana aliiacha maabara au maabara ndiyo iliyomwacha, kwa kukosa kemikali, vipimo na nafasi ya ajira.

Kazi hii ya usanifu iwekwe katika miundo ya utumishi kwa jina lake, isifichwe chini ya ufundi wa kompyuta, na anayeajiriwa aulizwe kwanza anajua nini juu ya karafuu, samaki, maradhi au ardhi. Kisha kila Wizara ichague fomu moja, ile inayolalamikiwa zaidi. Ipelekwe katika shehia kabla ya kutangazwa, wapewe watu kumi wa rika mbalimbali waijaze mbele ya sheha, na msanifu akae kando na daftari lake, aandike kila wanapokwama, bila ya kuwasaidia.