Risala ya Wakazi wa Likoni kwa Viongozi wa Serikali na wa Upinzani Kuhusu Fujo za Kisiasa

Waheshimiwa viongozi wa serikali,
Waheshimiwa viongozi wa upinzani,
Viongozi wa dini, wazee wetu na ndugu zetu nyote,



Sisi wakazi wa Likoni, wenyeji wa Pwani pamoja na wenzetu waliotoka bara, Waislamu na Wakristo, tunawaletea risala hii mapema, kabla kampeni za uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 hazijapamba moto. Tunaileta kwa pande zote mbili kwa sababu damu iliyomwagika nchini mwetu imemwagwa na pande zote mbili.

Waheshimiwa, usiku wa Agosti 13, 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, genge lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi sita na kutoroka na bunduki. Maduka na nyumba zilichomwa. Waliosakwa ni watu wa bara, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu na Waluhya, ambao wengi wao walidhaniwa kuwa wapiga kura wa upinzani. Vijana wa Kidigo, wenyeji wa Pwani, walikuwa wameapishwa na kuahidiwa kwamba ardhi na kazi zingerudi mikononi mwao. Watu zaidi ya 100 walikufa na maelfu kwa maelfu wakahama. Kisha ukaja msako, na vijana wa Kidigo wasio na hatia wakakamatwa na kuteswa. Wa bara alizika, mwenyeji naye akauguza majeraha ya rumande. Ardhi iliyoahidiwa haikuonekana.

Miaka 10 baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, moto uliwaka nchi nzima. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na akina mama na watoto wa Kikuyu waliokimbilia humo. Mwezi huohuo, huko Naivasha, Wajaluo nao walichomwa ndani ya nyumba walimojificha. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133, na zaidi ya theluthi moja vilitokana na risasi. Kila kambi ilikuwa na wafu wake wa kulilia, na kila kambi ilikuwa na wauaji wake wa kuficha.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Kuna mizani mbili. Kijana wa chama chenu akirusha mawe mnamwita mpigania haki. Wa chama kingine akifanya vivyo hivyo ni mhuni. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukatili huota mizizi kila kiongozi anapousamehe ule wa watu wake.

2. Anayebeba rungu hukamatwa, aliyemlipa hugombea kiti. Februari 2009 Bunge lilikataa mswada wa kuunda mahakama maalumu ya kuwashtaki wahusika wa ghasia zile za baada ya uchaguzi. Kesi zilizopelekwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC) huko The Hague nazo zilisambaratika bila mtu yeyote kupatikana na hatia ya mauaji yale.

3. Ripoti hufungiwa. Tume ya Akiwumi, iliyochunguza ghasia za Likoni na kwingineko, ilimaliza kazi 1999. Wananchi walisubiri hadi 2002 kuisoma.

4. Mchezo unarudiwa. Juni 25, 2024, baadhi ya waandamanaji walivamia Bunge na sehemu yake ikachomwa. Polisi wakafyatua risasi, vijana wakafa. Juni 17, 2025, wanaume wenye rungu na mijeledi waliwashambulia waandamanaji Nairobi, na kamera za wanahabari zikawaonyesha wakiwa karibu na polisi.

Kwa hivyo tunadai:

1. Kila kiongozi alaani hadharani fujo za wafuasi wake kwanza, kabla ya kutaja za mpinzani, na awataje wahusika kwa polisi.

2. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma awafungulie mashtaka wapangaji na wafadhili wa magenge, bila kuishia kwa vijana waliolipwa nauli na mia chache.

3. Msajili wa Vyama vya Siasa atumie kifungu cha 91 cha Katiba, kinachokataza chama kuchochea ghasia au kuweka kundi la wapiganaji. Sheria hiyo iguse chama tawala sawasawa na upinzani.

4. Kila risasi ya polisi ifanyiwe uchunguzi na mamlaka huru, na afisa anayetembea na wahuni afikishwe kortini kama wao.

5. Hazina ya shilingi bilioni 10 iliyotangazwa Machi 2015 kwa ajili ya waathiriwa wa dhuluma za zamani iwafikie wenyewe, wakiwemo wajane na mayatima wa Likoni.

6. Dhuluma za ardhi Pwani zishughulikiwe sasa. Ni malalamiko ya haki, na yakiachwa yatampata tena mtu wa kuyageuza kuwa panga.

Nasi tunajifunga kwa ahadi. Hatutamficha mtu aliyemdhuru jirani yake, hata akiwa mtoto wa nyumba zetu. Hatutampigia kura mgombea atakayekuja kutugawa kwa kabila au dini, hata akiwa wa chama tunachokipenda.

Waheshimiwa, mkishapigana mikutanoni nyinyi husalimiana na kugawana vyeo. Sisi hubaki na makaburi. Tunawaomba mjibu madai haya kwa maandishi, upande wa serikali na upande wa upinzani, kabla ya kuja kutuomba kura. Atakayekaa kimya tutauchukua ukimya wake kuwa jibu, na tutapiga kura tukilijua.

Tunaomba kuwasilisha.

Wakazi wa Likoni, Mombasa