Sumu ya mshale, mashini za IA na koltani yetu

Jumamosi iliyopita, kwenye mkutano wetu wa sendika hapa Goma, kijana mmoja wa kuosha madini alisimama na simu mkononi. Alikuwa amesoma kwamba mashini za kompyuta, zile wanazoita IA, zinachagua dawa kati ya mamia ya maelfu, kazi ambayo watu wangeifanya miaka na miaka. Akauliza: «Bakubwa, iyo mashini iko na koltani yetu ndani. Sasa iyo dawa itatufikia siye siku gani?» Watu wakacheka. Lakini hakuna aliyemjibu, na sisi tulioketi mbele ndio tulinyamaza zaidi. Tumechukua juma zima kuuliza kwa waganga, kwa walimu na kwa wale wanaosoma mambo haya. Tunaandika tuliyoyapata, kwa kuwa habari yenyewe inatuhusu kuliko tulivyofikiri.

Tuanze na mashini. Jina lake la kitaalamu ni mtandao wa neva, sababu waliotunga wazo hilo walitazama namna ubongo unavyofanya kazi. Wachimbaji hawatapata shida kuielewa. Yule anayeosha mchanga mtoni, siku ya kwanza hajui koltani ni ipi na mchanga mweusi wa bure ni upi. Mzee anamwambia: hii ndiyo, hii siyo. Baada ya mabeseni elfu, mkono wenyewe unajua, hata kama hawezi kukueleza kanuni. Mtandao wa neva unajifunza vile vile: unaonyeshwa mifano mingi yenye jibu, unajirekebisha kila unapokosea, kisha unapewa vitu ambavyo haujaviona na unakadiria.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walifanya hivyo na dawa. Walipima kwanza kemikali 2.352 juu ya seli, wakitafuta zile zinazoua seli zilizozeeka bila kuua nzima. Seli zilizozeeka ni zile zilizoacha kujigawa lakini hazikufa. Zinabaki mwilini na kuharibu jirani zake. Majibu ya vipimo vile wakayafundisha mtandao wa neva, kisha wakaupa molekuli zaidi ya 800.000 uzipange. Waliporudi maabara na zile zilizopangwa juu, molekuli 3 zilionekana kuwa na sifa za dawa, na moja wakaijaribu kwa panya wazee. Kwa panya, jamani. Kijana wetu alisoma kama vile dawa iko tayari katika duka. Haiko.

Mwaka huo huo watu wa Edinburgh, Uingereza, walitoa kazi iliyofanana, wakitumia aina nyingine ya mashini inayojifunza, siyo mtandao wa neva. Kati ya kemikali 4.340 mashini iliwachagulia 21, wakazipima, 3 zikafaulu. Mbili katika hizo tatu, oleandrine na periplocine, ni ndugu wa dawa za moyo za zamani. Ni sumu za mimea ya jamii moja na sumu ambayo babu zetu wa Afrika ya Mashariki walipaka kwenye mishale. Hapo ndipo tulipoacha kucheka.

Hadithi yenyewe ni ndefu. Kati ya 1858 na 1863 daktari John Kirk alikuwa pamoja na Livingstone katika safari ya mto Zambezi. Alikusanya sumu ya mishale iliyoitwa kombe. Brosi yake ya meno ilikuwa imekaa fasi moja na ile sumu, naye akaona kwamba akiitumia mapigo ya moyo wake yanabadilika. Kirk huyo ndiye baadaye alikuwa konsuli wa Uingereza Zanzibar miaka mingi. Sumu ilipelekwa Edinburgh, ndiyo, mji ule ule, na profesa Thomas Fraser akatoa ndani yake dawa ya moyo, strophantine. Mmea ukabaki na jina Strophanthus kombe. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud akapata dawa ya karibu sana na hiyo katika mti ambao Wasomali waliutumia kwa mishale, akaiita ouabaïne kutokana na jina la Kisomali. Kwenye chupa zote hizo liliandikwa jina la mmea, lile la kemikali na lile la muuzaji. Jina la mwindaji aliyejua ni mti gani, achemshe muda gani, apake kiasi gani ili mnyama aanguke, hilo hatujaliona mahali.

Tuongeze kidogo hapa, sababu inafurahisha: hata panya mmoja mkubwa wa Afrika ya Mashariki, mwenye manyoya ya kusimama mgongoni, anatafuna gome la mti huo na kujipaka manyoya yake sumu, mbwa akimuuma anajuta. Ujuzi wa mti huu ni wa zamani kweli.

Sasa dawa hiyo inafanya nini? Kila seli ya mwili iko na pampu ndogo. Inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, usiku na mchana. Mkemia wa Denmark, Jens Skou, aliieleza pampu hiyo mwaka 1957 na akapewa tuzo ya Nobel 1997. Ouabaïne inaziba pampu. Sodiamu ikibaki ndani, kalsiamu nayo inabaki, na msuli wa moyo unajikaza kwa nguvu zaidi. Kwa moyo uliochoka, huo ni msaada. Ukizidisha kidogo tu, moyo unapoteza mwendo wake na kusimama. Kati ya dozi inayosaidia na dozi inayoua nafasi ni nyembamba, ndiyo maana mwindaji na daktari walitumia kitu kimoja.

Strophantine ilidungwa katika mishipa ya wagonjwa wa Ujerumani kuanzia mwaka 1906 na kuendelea. Lakini kwa kumeza haikuingia mwilini vizuri. Digoxine ya vidonge ikaja, kisha dawa nyingine mpya, na zile za mshale zikaachwa. Zilibaki katika maabara, chombo cha wanasayansi cha kuzima pampu wakati wa majaribio.

Mwaka 2019 vikundi viwili vya watafiti vilionyesha kwamba ouabaïne na digoxine zinaua seli zilizozeeka kuliko zile nzima. Mchimbaji anaelewa sababu mara moja. Chukua mashimo mawili, moja kavu na moja ambalo maji yamefika kiunoni. Zima pampu zote mbili. Shimo gani litafurika kwanza? Seli iliyozeeka tayari inahangaika kushika usawa wake. Ukiziba pampu yake inakufa mapema.

Kwa hiyo dawa iliyotupwa imerudi kwa mlango wa nyuma. Si hiyo peke yake. Mwaka 2025 waganga wa Ujerumani, Austria na Serbia walitangaza matokeo ya digitoxine, dawa ya zamani ambayo inchi nyingi zimeacha, kwa wagonjwa wa moyo zaidi ya 1.200. Kati ya wagonjwa mia waliopewa dawa, karibu 40 walikufa ao walilazwa kwa sababu ya moyo; kati ya mia waliopewa kidonge kitupu, 44. Tofauti ni ndogo, lakini ni dawa ya bei ndogo, na hakuna mashini ya IA iliyohitajika kuipata. Ilihitaji watu wa kukubali kupimwa na waganga wa kusubiri miaka.

Hili tunalisisitiza sababu kuna hatari ya kuamini mashini kupita kiasi. Mwaka 1989 huko Marekani walisimamisha jaribio la dawa mbili za moyo, encainide na flecainide. Dawa zile zilituliza mapigo mabaya ya moyo baada ya mshtuko wa moyo. Kwenye karatasi ya kipimo kila kitu kilikuwa kizuri. Walipohesabu watu, 63 walikuwa wamekufa kwa upande wa dawa na 26 kwa upande wa kidonge kitupu, wakati vikundi vyote viwili vilikuwa karibu sawa kwa ukubwa. Encainide ikatolewa sokoni. Mashini ingefundishwa kutazama mapigo tu, ingezisifu dawa hizo. Inajua paka kile ilichofundishwa, sawa na yule muoshaji aliyefundishwa kwenye mto mmoja, ukimpeleka mto mwingine anajaza gunia mchanga wa bure.

Turudi Goma. Tuko na mzee mmoja, alibeba magunia mgongoni kutoka milima ya Masisi mpaka barabarani miaka mingi. Miguu ikavimba, pumzi ikakatika, daktari akamwandikia digoxine kidonge kimoja kwa siku na kumwambia arudi kupimwa. Vita ikamhamisha, karatasi ikapotea. Tangu mwisho wa Januari 2025 uwanja wa ndege ulifungwa, na dawa, kama vitu vyote, zinafika kwa njia ndefu. Alinunua boksi katika duka moja la dawa ambalo hatutalitaja. Muuzaji hakumshika hata mkono kupima mapigo. Alimwambia tu, «Kama miguu ingali inavimba, ongeza.» Mzee akaongeza, vitatu kwa siku. Baada ya siku chache anatapika, hataki kula, na anamwambia bibi yake: «Mama, niko naona kila kitu manjano.» Watoto wakafikiri ni malaria. Muuguzi jirani ndiye aliyeshika mkono wake, akahesabu mapigo na kusema apelekwe haraka. Hospitali walisimamisha dawa, akapona. Kuona manjano, kutapika, mapigo ya pole ao ya kuruka ruka: hizo ni alama za digoxine iliyozidi, zinajulikana tangu zamani na hazihitaji kompyuta yoyote kuzitambua.

Tunaleta habari ya mzee pembeni ya habari ya IA sababu ni pampu moja, sumu moja. Upande mmoja kuna mashini inayopitia molekuli 800.000. Upande mwingine kuna mtu ambaye mgongo wake ulibeba mawe ya mashini hizo, na hakupata mtu wa kumhesabia mapigo kwa dakika moja.

Koltani, kweli, imo. Tantale inayotoka ndani yake inafanya kondansateri, vile vitu vidogo vinavyotuliza umeme ndani ya simu na kompyuta. Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantale ya dunia. Hatusemi kila kompyuta ya maabara ina jiwe la Rubaya. Hakuna anayeweza kufuata jiwe moja mpaka huko. Tunasema kazi yetu imo katika hesabu, na katika faida haimo.

Na sheria inasemaje? Kuna mkataba wa Nagoya wa 2010, inchi yetu imo, unaosema kwamba anayechukua mmea ao ujuzi wa wenyeji kwa utafiti aombe ruhusa na agawane faida. Ni mzuri. Lakini ulifikiriwa kwa mtu anayekuja na kikapu. Mashini haiji na kikapu. Inasoma umbo la molekuli ambalo limekwisha kuandikwa katika vitabu tangu wakati wa Arnaud, hakuna jani linalovuka mpaka, hakuna wa kuombwa ruhusa. Mwishoni mwa 2024, huko Cali, Kolombia, inchi zilikubaliana juu ya mfuko ambamo kampuni zinazotumia data za vinasaba zingetia sehemu ya faida yao, na angalau nusu iende kwa jamii za wenyeji. Tuliposoma vizuri tukaona mambo mawili: kampuni zinaombwa, hazilazimishwi; na umbo la kemikali kama ouabaïne si data ya vinasaba. Tundu la kupitia ni kubwa kuliko nyavu.

Kuna wenzetu wanaosema tudai malipo ya sumu ya mshale. Sisi hatuoni mbele ya nani. Wamang'anja, Wagiriama, Wasomali, Wahadzabe, kila mmoja alikuwa na sumu yake, na karne moja na nusu imepita. Tunaona afadhali kudai kile ambacho kiko na mlango wa kugonga: kwamba nyumba za kununua madini na vyama vya ushirika vinavyokata fedha za jamii juu ya kila kilo vionyeshe ni kiasi gani kimeenda kwa afya, na kwamba wachimbaji waliopita miaka arobaini wapimwe tansio na moyo kila mwaka. Kipimo cha tansio hakina IA ndani.

Kwa kijana wetu, jibu ndilo hili: dawa ile ya panya haina siku. Na tafadhali, asiwepo mtu wa kwenda kuchemsha mizizi ya mti wa mishale kwa kuwa amesoma hapa kwamba inaua seli za uzee. Wawindaji hawakuwa wakijikinga na uzee.

Jumamosi ijayo, saa tatu ya asubuhi, muuguzi yule jirani wa mzee amekubali kuja kwenye mkutano. Kila mwenye mzazi anayekunywa dawa ya moyo ao ya tansio alete maboksi yote, hata yaliyo matupu, na karatasi ya daktari kama angali nayo. Mzee mwenyewe atakuwapo. Anakunywa kimoja kwa siku sasa, na bibi yake ndiye anayeshika boksi.