Msimlaumu Mnunuzi

Eti mnunuzi wa kadi ya michoro akipotoshwa na jina, kosa ni lake, maana vipimo vyote vimechapishwa. Sikubali. Septemba 2022 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kadi mbili kwa jina moja, RTX 4080: moja ya GB 16, nyingine ya GB 12. Nani asingedhani tofauti inaishia kwenye kumbukumbu? Kumbe chipu zenyewe zilikuwa tofauti, moja ikiwa na viini 9,728 na nyingine 7,680. Malalamiko yalipozidi, ile ndogo ikaondolewa Oktoba. Januari 2023 ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti, na bei imeshuka kutoka dola 899 hadi 799. Viini vilevile, kumbukumbu ileile. Jina peke yake lilikuwa limebeba dola mia.

Hapo angalau watu walipiga kelele. Lakini kadi nyingine ya NVIDIA, GT 1030, katika toleo la mwaka 2018 iliwekewa kumbukumbu ya DDR4 badala ya GDDR5, kasi ya kumbukumbu hiyo ikapungua kwa zaidi ya nusu, na jina likabaki GT 1030. Hiyo ni kadi ya bei ya chini, anayoinunua mwenye pesa kidogo kuliko wote. Kabla ya kumwambia huyo asome vipimo, mwambieni mtengenezaji avipe vitu tofauti majina tofauti.