Chotara si Kasoro: Funzo la Mkunga wa Atlantiki

Wahenga walisema kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Methali hii imejengwa juu ya imani kuwa kila kizazi hurithi asili moja, nayo mipaka baina ya asili na asili haivukwi. Mkunga, samaki mwenye umbo la nyoka, anaitia imani hiyo katika mizani.

Katika Bahari ya Atlantiki mna spishi mbili za mikunga wahamao: mkunga wa Ulaya na mkunga wa Marekani. Wote hukulia katika mito, maziwa na maji ya pwani, kisha hurejea kuzaliana katika Bahari ya Sargasso. Kufikia mwaka 1922, mtaalamu wa Denmark, Johannes Schmidt, alikuwa ametambua eneo hilo kwa kufuatilia viluwiluwi vilivyozidi kuwa vidogo kadiri alivyolikaribia. Kwa macho, spishi hizi ni vigumu kuzitofautisha. Alama ya kutegemewa ni pingili za uti wa mgongo: mkunga wa Marekani huwa nazo 107 kwa wastani, na wa Ulaya zipatazo 114.

Kwa kuwa majira na maeneo yao ya kuzaliana hupishana kwa sehemu tu, spishi hizi hukutana na kuchanganya damu. Ushahidi upo Aislandi, kisiwa kilicho kati ya mabara hayo mawili. Utafiti wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa zaidi ya mkunga mmoja katika kila kumi waliochunguzwa huko alikuwa chotara. Baadhi yao walikuwa wazao wa machotara waliozaana tena na spishi mojawapo. Chotara huyu, basi, si tasa kama nyumbu.

Hata hivyo, spishi hizi hazijayeyuka zikawa moja. DNA ya mitokondria, inayorithiwa kutoka kwa mama, ingali inazitenganisha waziwazi. Inaelekea kwamba mojawapo ya sababu ni muda wa safari. Kiluwiluwi cha Marekani hugeuka mkunga mchanga mapema na kuifikia pwani iliyo karibu. Cha Ulaya huchelewa kugeuka, kikavuka bahari nzima. Chotara mwenye muda wa kati anaweza kukosa pwani zote mbili, ila akabahatika kufika Aislandi. Mpaka wa spishi, kwa hiyo, si ukuta. Ni kizingiti: huvukwa, na nyumba zikabaki mbili.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sababu ya kulizingatia jambo hili. Neno "chotara" limetumika kwa miaka mingi katika mjadala wa chimbuko la lugha hii. Waliodai kuwa Kiswahili ni chotara wa Kiarabu na Kibantu walinuia kukinyima asili. Waliowapinga walithibitisha kwa sarufi na isimu historia kuwa ni lugha ya Kibantu, ya kundi la Sabaki. Hoja yao ni sahihi, lakini baadhi yao wameitetea kana kwamba kuchanganyika ni aibu inayopaswa kufichwa. Hapo ndipo pande zote mbili zinapoteleza, kwa kuwa zinakubaliana kimyakimya kwamba chotara ni kiumbe mwenye kasoro.

Kweli, lugha si samaki. Maneno hukopwa baina ya lugha zisizo na udugu wowote, ilhali jeni za mikunga hupita kwa uzazi tu. Ulinganishi huu hauwezi kuthibitisha lolote kuhusu chimbuko la Kiswahili. Unachoweza ni kulisafisha neno. Msamiati wa Kiarabu haukikifanya Kiswahili kuwa Kiarabu, wala hakuna haja ya kuukana ili Ubantu wake usimame.

Mto Sabaki, uliolipa kundi hilo la lugha jina lake, nao una mikunga wa jenasi hiyo hiyo ya Anguilla, wanaopanda kutoka Bahari ya Hindi. Inafaa habari zao ziandikwe kwa Kiswahili, na wanaoziandika walitumie neno chotara bila dharau. Msomi akosaye kulitamka kwa haki anapomzungumzia samaki, atalitamkaje kwa haki anapomzungumzia binadamu?