MTI UPI WA MAUA UNAFAA NYUMBANI KWAKO?

Kila mwaka mwezi wa Oktoba ukifika, wakulima huuliza neno moja. Mwezi huo na ule wa Novemba mijakaranda ya Nairobi huchanua, barabara zikawa za rangi ya zambarau juu na chini. Mtu aliyekwenda mjini kwa shughuli zake hurudi shambani na hamu ya kupanda mti kama ule mbele ya nyumba yake. Jirani yake humwambia, "Kwa nini upande mti wa ugenini, na hali tunao kibobakasi, mti wetu wa Nandi, wenye maua mekundu yanayoonekana toka mlima wa pili?" Hapo mabishano huanza, na kila mtu husifu maua ya mti wake.

Mimi nasema ya kuwa mabishano hayo huanza mahali pasipofaa. Maua ya miti hii miwili ni mazuri yote. Lakini maua hukaa majuma machache, na mti wenyewe hukaa miaka hamsini. Mwenye shamba lazima aulize kwanza juu ya matawi, mizizi na majani, ndipo aulize juu ya maua.

Wako pia wanaosema ya kuwa mti wa maua ni kupoteza ardhi bure. Neno hili si la kupuuzwa. Wazee wetu waliogawiwa mashamba katika mipango ya makao tangu mwaka 1962 walilipia ardhi ile kwa mkopo, na leo ekari zile zimegawanywa tena kwa wana na wajukuu. Hata hivyo mti mmoja penye nyumba si hasara. Chini yake wageni huketi, wazee huamua mambo yao, watoto husoma, na mama hukoboa mahindi bila kuchomwa na jua. Shamba lisilo na kivuli hata kimoja ni mahali pa kazi tu, si nyumbani. Lakini kwa kuwa nafasi ni ya mti mmoja au miwili, kosa katika kuchagua ni kosa kubwa.

Tuanze na mjakaranda. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Argentina na Bolivia. Hukua upesi, na ukiwa mahali pazuri hufika futi hamsini au zaidi. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha huchanua karibu bila majani. Nyuki hupenda maua yake. Mbao zake hutumika, na wachongaji wa vinyago wa Ukambani huchonga mti huu sana. Matawi unayoyapogoa hufaa kuni.

Ubaya wake ni huu. Majani yake ni madogo sana, na yakianguka juu ya bati huziba mifereji ya kupeleka maji ya mvua katika tangi. Maua yaliyoanguka penye njia huteleza kukiwa na unyevu. Mizizi yake ina ulafi, na mahindi yaliyopandwa karibu nao hudhoofika. Tena mche mchanga huungua kwa baridi ile ya alfajiri inayogandisha umande.

Sasa tutazame kibobakasi. Huu ni mti wa Afrika. Katika nchi yetu makao yake ya asili ni upande wa magharibi, na ndiyo sababu ukapewa jina la Nandi. Huota upesi kwa mbegu, na hata kigingi kibichi kikichomekwa ardhini wakati wa mvua huweza kushika mizizi. Machipukizi ya maua yake hujaa maji, na hakuna mtoto wa magharibi ambaye hajayaminya ili kumrushia mwenzake. Ndege wadogo wanyonyao asali hawaondoki juu yake. Mti huu ukichanua ukingoni mwa shamba huwa kama makaa ya moto, na mimi siwezi kusema ya kuwa mjakaranda waushinda kwa uzuri.

Lakini wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mti wa kibobakasi ni mwororo na mwepesi. Haushiki moto vizuri, kwa hivyo hata kwa kuni haufai. Ukizeeka, matawi yake makubwa huoza ndani yakawa na mashimo, na ndege hutoboa humo viota vyao. Kwa nje tawi laonekana zima, lina majani na maua. Siku ya upepo hukatika ghafula.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, alikuwa na kibobakasi karibu na banda la ng'ombe. Kwa miaka mingi watu waliopita njiani walisimama kuutazama, naye alijivuna kwa sababu mumewe ndiye aliyeupanda. Usiku mmoja wa mvua na upepo tawi moja likaanguka juu ya banda. Ng'ombe wake wa gredi, ambaye maziwa yake yalimlipia mjukuu karo ya shule, alivunjika mgongo, na asubuhi ikabidi achinjwe. Tulipolitazama tawi lile tukaona shimo ndani, mtu aweza kupitisha mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Yule mama hakuulaumu mti. Alisema, "Baba watoto aliupanda mahali palipokuwa wazi. Banda tulilijenga baadaye sisi wenyewe." Maneno yale nimeyashika. Mti hauna kosa kuwa mti. Kosa ni letu tusiofikiri utakavyokuwa baada ya miaka thelathini, na tutakachojenga chini yake.

Kuna jambo la pili kwa wenye mizinga. Huko Brazil, ambako mti huu ulipelekwa kwa ajili ya uzuri wake, wataalamu wamekuta nyuki wadogo wasio na mwiba wamekufa ndani ya maua yake. Mimi nisingeuweka mzinga chini ya kibobakasi.

Wengine watasema, "Afadhali mti wa kwetu kuliko mti wa ugenini." Neno hilo lina haki yake. Mti ukitoka kwao huweza kuwa magugu. Kibobakasi chenyewe kilipopelekwa katika visiwa kama Hawaii na Fiji kilienea mashambani na misituni, hata mwaka 2000 kikaandikwa katika orodha ya viumbe mia moja vinavyosumbua dunia kupita vyote kwa kuenea ugenini. Nao mjakaranda huko Afrika ya Kusini umeenea kando ya mito, na sheria ya nchi ile sasa yazuia watu kupanda mipya. Kwa hivyo mwenye kupanda mjakaranda ana wajibu wa kung'oa miche inayoota yenyewe, hasa karibu na mto. Lakini kuwa mti ni wa kwetu si sababu ya kuuweka juu ya vichwa vya watoto wetu. Hata fahali ni wa kwetu, wala hatumfungi mlangoni.

Basi, shauri langu ni hili.

Penye nyumba, kama mahali pako si pa baridi kali, panda mjakaranda. Uweke futi arobaini au zaidi kutoka kwenye nyumba, banda na tangi, upande ambao upepo hautapeleka majani juu ya bati. Usiupande chini ya nyaya za umeme, maana watakuja kuukata kichwa, na mti uliokatwa kichwa hauna uzuri tena.

Kibobakasi, kama uko upande wa magharibi ambako ni kwao, kiweke chini kabisa ya shamba, mahali ambapo watu hawaketi, ng'ombe hawalali na njia haipiti. Hapo matawi yakianguka yataanguka juu ya majani tu, nawe ukiwa barazani utayaona maua yake vizuri kuliko ukiwa chini yake. Ikiwa ni mpakani, mwulize jirani yako kwanza, kwa kuwa tawi halijui mpaka.

Wakulima wa Kinangop na sehemu nyingine za juu zenye baridi kali wasisumbuke na mmoja kati ya hii miwili. Baridi itawavunja moyo. Wao wanao mukeu, mti wa milima ile ile, wenye maua meupe ambayo nyuki huyapenda.

Juu ya kupanda, chimba shimo futi mbili kwenda chini na futi mbili kwa upana, majuma machache kabla ya mvua kubwa. Udongo wa juu uweke mbali na ule wa chini. Changanya ule wa juu na samadi iliyooza, na huo ndio uutangulize shimoni pamoja na mche. Toa karatasi ya plastiki kabla ya kupanda; nimeona miche mingi iliyokufa kwa kuzikwa na karatasi yake. Zungushia miiba, maana mbuzi mmoja kwa dakika moja aweza kumaliza kazi yako ya mwaka. Kiangazi cha kwanza na cha pili umwagilie maji, hata yale ya kuoshea vyombo.

Na wewe ambaye tayari una kibobakasi kikubwa karibu na nyumba, usikimbilie shoka leo. Kwanza tazama matawi. Ukiona shimo la ndege, uyoga shinani, au tawi kubwa lililoinama juu ya bati, mwite mtu ajuaye kupanda miti kwa kamba, alikate tawi hilo kabla ya mvua. Kama haiwezekani, ondoa kilicho chini yake. Kuhamisha banda ni kazi ya siku mbili. Ng'ombe mwingine wa gredi hapatikani kwa siku mbili.

Sisi tunaopanda leo hatutauona mti katika ukubwa wake wote. Watakaoketi chini yake ni wajukuu. Basi tuwaachie kivuli ambacho wataweza kulala chini yake bila kutazama juu.