Si Kila Breki Laini Ina Upepo

Mwambie mtu yeyote mtaani kwamba umebadilisha breki mwenyewe na sasa gari inasimama kwa shida. Hutamaliza sentensi kabla ya kupewa jibu: "Hiyo ina upepo, toa upepo." Atakwambia hivyo dereva wa teksi, atakwambia muuza vipuri, na mafundi wengi nao watakwambia hivyo hivyo huku wakitafuta spana. Mimi nasema jibu hilo, kwa namna linavyotolewa, linahatarisha maisha ya watu. Sisemi ni uongo, maana mara nyingine ni kweli kabisa. Ubaya wake ni kwamba linatangulia swali ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza: ulifungua nini?

Mafuta ya breki hayabonyei. Ukikanyaga pedali, nguvu ya mguu inasafiri ndani ya mafuta hadi kwenye pistoni za magurudumuni bila kupungua njiani. Upepo unabonyea, kwa hiyo ukiwemo ndani ya bomba mguu unaishia kuubana upepo badala ya kubana diski. Hapo hatubishani. Lakini upepo lazima uwe na pa kuingilia. Huingia mtu akifungua mpira wa breki, akitoa kalipa nzima, akibadilisha masta silinda, au akiacha kikopo cha mafuta kikauke.

Sasa tazama kazi ambayo wenye magari wengi huifanya wenyewe nyumbani, kubadilisha pedi za mbele. Unafungua boliti za kalipa, unairudisha pistoni ndani, unatoa pedi za zamani, unaweka mpya, unafunga. Hakuna bomba lililofunguliwa. Isipokuwa kama mtu alikanyaga pedali wakati kalipa imening'inia na pistoni ikachomoka, upepo umepitia wapi? Kinachotokea ni kwamba pistoni imerudishwa mbali, na mkanyago wa kwanza unakwenda hadi sakafuni kwa sababu pedi hazijaifikia diski. Unakanyaga mara kadhaa gari ikiwa imesimama, pedali inapanda na inabaki juu. Basi. Asiyelijua hili anakimbilia skrubu za kutolea upepo, anazifungua bila utaratibu, na hapo ndipo upepo unaingia kweli kwenye mfumo uliokuwa mzima.

Na kama pedali inapanda kisha baada ya kuendesha kidogo inarudi chini, tafuta kinachozisukuma pedi nyuma. Diski iliyofungwa juu ya kutu haikai sawasawa kwenye habu, hivyo inayumba ikizunguka na kuzipiga pedi zirudi ndani. Beringi ya gurudumu iliyolegea hufanya vivyo hivyo. Pini za kalipa zilizokauka grisi nazo huifanya kalipa ikae upande, na mguu ukahisi ulaini usio na upepo hata chembe.

Kosa la pili la jibu hili ni kuchanganya pedali laini na breki dhaifu. Pedali inaweza kuwa ngumu na ya juu, na gari isisimame. Upepo haufanyi hivyo hata siku moja. Hapo mtuhumiwa ni busta, au pedi zenyewe: pengine zimeingia grisi wakati wa kazi, pengine zimeungua uso ukawa kama kioo, pengine ni pedi duni. Busta hupimwa kwa dakika moja. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie hivyo, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, angalia busta yenyewe na mpira unaotoka kwenye injini, ambao huchomoka au kupasuka bila mtu kuuona.

Kuna pedali inayopanda ukipampu. Hii ndiyo inayowapa watu uhakika wa upepo, na kusema kweli upepo hufanya hivyo. Lakini viatu vya breki za nyuma vilivyolegea hufanya hivyo pia, na gari ndogo nyingi zinazotembea katika miji yetu, Vitz na Passo kwa mfano, zina diski mbele na dramu nyuma. Mtu aliyefungua dramu akaweka viatu vipya bila kuvikaza vifike karibu na dramu atapata pedali ya chini, hata mafuta yawe safi namna gani. Kipimo chake ni hiki: vuta handibreki mpaka mwisho, kisha kanyaga. Pedali ikipanda ghafla, tatizo liko nyuma, kwenye kukaza viatu. Isipobadilika na ikabaki kudundadunda chini ya mguu, hapo nitakubali kuzungumzia upepo.

Inayonitisha zaidi ni pedali inayozama. Kaa ndani injini ikiwa inanguruma, kanyaga kwa nguvu ya kawaida, shikilia. Pedali inashuka polepole, inaendelea kushuka. Upepo ukishabanwa umebanwa, pedali itakuwa laini lakini itasimama mahali pake. Inayozama inakwambia mafuta yanakimbia. Ama yanavuja nje, na utayaona ndani ya gurudumu au kwa kiwango kupungua kikoponi, ama yanapenya kwenye mipira ya ndani ya masta silinda, ambako nje huoni kitu. Hapa ndipo dawa ya "toa upepo" inapoweza kuwa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Katika gari ya siku nyingi, pistoni ya masta imezoea kutembea sehemu fupi, na mbele yake silinda ina kutu na uchafu. Msaidizi akiambiwa akanyage hadi sakafuni, tena na tena, mipira hupita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike mwisho. Ni tahadhari rahisi, na ni mafundi wachache mno niliowaona wakiichukua.

Nitajibiwa: na aliyebadilisha kalipa je? Huyo amefungua bomba, upepo umo. Sawa, umo. Ila hata huyo hawezi kuponywa kwa kurudia kutoa upepo tu. Jirani yangu aliweka kalipa mbili mpya za mbele, akamaliza chupa nzima ya mafuta akitoa upepo, na pedali ikabaki laini. Tulipong'oa tairi, skrubu ya kutolea upepo ilikuwa inatazama ardhini. Upepo hupanda juu ya mafuta, kwa hiyo skrubu ikiwa chini yatatoka mafuta matupu na upepo utabaki umekaa juu ya pistoni. Kalipa ya kushoto ilikuwa imefungwa kulia, ya kulia kushoto. Alizibadilisha nafasi, akatoa upepo tena, na breki zikashika.

Mafuta yenyewe nayo huponza. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu. DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Ukiyaacha ya zamani ndani kwa sababu "bado yapo", pedali itakuwa nzuri uani na itakuponyoka ukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, yatakapochemka na kugeuka mvuke. Na anayejazia mafuta ya injini au ya haidroliki kwa kukosa ya breki anaivimbisha mipira yote ya mfumo. Huyo atabadilisha vitu vingi.

Wapo pia wanaotuliza kwa kusema pedi mpya zitazoea zenyewe. Ni kweli pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski, na kwa siku za mwanzo zinaweza kushika kidogo chini ya kawaida. Kuzoea huko huongeza kushika. Hakuinui pedali iliyo sakafuni wala hakuizuii inayozama.

Wewe uliyefungua breki zako jana, rudi kwenye ulichokigusa kabla ya kushika skrubu yoyote. Na kama pedali bado inadai kukanyagwa mara mbili ndipo ishike, usiitoe gari uani hata kwa nia ya kuipeleka gereji. Mwite fundi aifuate ilipo.